Tusihamishe makochi, tuhamishe vitabu

Waswahili husema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Katika madarasa yetu methali hii hufasiriwa kwa wepesi: mtu hata akizurura namna gani, mwishowe hurejea kwao. Mwanafunzi akiandika hivyo hupewa alama zake na mambo yakaisha. Ni nadra mwalimu kuuliza ngama yenyewe ni nini. Ni ile sehemu ya chini kabisa ndani ya chombo, ambamo shehena hupangwa. Leo nataka kuizungumzia ngama kwa maana hiyo hiyo ya mabaharia. Kila mwaka walimu na wanafunzi wetu huondoka kwenda ng'ambo na wengine hurejea, na swali la nini kipakiwe melini limewatia wengi hasara bila ya sisi kulijadili hadharani.

Nianze na msimamo wangu ili msomaji asihangaike kunitafuta katikati ya maelezo. Naamini kwamba tunasafirisha vitu visivyostahili. Tunavusha bahari makochi, friji na vitanda, kisha tunaviacha vitabu katika vyumba tulivyokuwa tukipanga ugenini, ati kwa kuwa ni vizito.

Lawama ya kwanza naitwika kontena. Zamani katika pwani yetu mali ya msafiri ilikuwa na mpaka wa wazi. Yale masanduku yenye njumu za shaba, ambayo mengi yaliletwa na majahazi kutoka magharibi ya India, yalibeba kile ambacho sanduku liliweza kubeba, basi. Kisicholingana na sanduku kiliuzwa, kiligawiwa jamaa au kiliachwa. Mambo yalianza kubadilika tarehe 26 Aprili 1956, wakati meli Ideal X ilipong'oa nanga Newark, Marekani, kuelekea Houston ikiwa na makontena 58. Aliyebuni mpango huo, Malcom McLean, alikuwa tajiri wa malori, wala hakuwa na haja na makochi ya mwalimu wa Kenya. Hata hivyo, chombo alichokieneza duniani ndicho kinachotushawishi leo. Kontena la futi 20 lina nafasi ya ndani ya takriban mita 33 za ujazo, na la futi 40 hufikia kama mita 67. Nauli hulipwa kwa sanduku lenyewe, liwe limejaa au liwe nusu tupu. Basi mtu aliyekusudia kuleta meza moja ya kusomea na katoni kumi hujikuta akizunguka katika maduka ya mitumba ya huko akinunua makochi ili kuziba pengo. Hujiambia kwamba nafasi ni ya bure. Wanaomngojea nyumbani nao humtumia orodha.

Iko njia nyingine, ile ya kushirikiana kontena moja na wenzako. Wakala hukusanya mizigo ya watu wengi, kila mmoja akalipia nafasi yake tu. Hapa ndipo hesabu inapompendelea mtu wa vitabu, na ningependa walimu wa Hisabati waifanye na wanafunzi wao ubaoni.

Tuanze na ndege. Shirika hupima uzito wa mzigo, kisha hupima ukubwa wake, nalo hukutoza kwa kile kinachozidi. Kanuni iliyozoeleka ni kuzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, halafu kugawanya kwa 6,000. Mita moja ya ujazo ni sentimita za ujazo 1,000,000. Ukigawanya utapata kilo 167 hivi. Ukijaza mita hiyo kwa mito na magodoro, utalipia kilo 167 hata kama mizani inasoma 40. Ukiijaza vitabu, mizani itasoma mamia ya kilo nawe utalipia kila kilo. Ndiyo maana msafiri mwenye mikoba miwili ya kilo 23 huvitoa vitabu kwanza anapopimwa uwanjani, tena kwa aibu, mbele ya foleni.

Baharini mambo hugeuka. Katika kontena la kushirikiana desturi ni kutoza kwa mita moja ya ujazo au kwa tani moja, kutegemea kipi kimezidi. Kitabu cha kawaida cha sentimita 23 kwa 15, chenye unene wa sentimita 2.5, huchukua sentimita za ujazo zisizofika 900. Hata tukikubali robo nzima ya nafasi ipotee katika katoni na mianya, bado vitabu zaidi ya 800 huingia katika mita moja, na uzito wake kwa kawaida haufiki tani. Maana yake ni kwamba mwenye vitabu hulipa sawasawa na mwenye mito. Kitabu ni kizito angani na chepesi baharini. Vitabu 800! Ni shule ngapi za kutwa katika kaunti zetu zinazoweza kuonyesha vitabu 800 visivyokuwa vya kiada?

Kuvipakia nako kuna adabu yake. Katoni ziwe ndogo, kwani katoni kubwa iliyojaa vitabu hupasuka kitako mikononi mwa wapakiaji. Tena ziwekwe karatasi za plastiki ndani. Kontena linapotoka kwenye baridi na kuingia katika joto la bahari yetu, unyevu hujikusanya darini na kudondoka kama mvua. Vitabu vikifika na ukungu si kosa la bahari.

Tukirudi kwenye vyombo vya nyumbani, sidhani kuna hoja ndefu. Umeme wetu ni wa volti 240 na mizunguko 50 kwa sekunde, wa Marekani ni volti 120 na mizunguko 60. Kifaa cha kubadilisha volti hakibadilishi mizunguko, na mashine nyingi zenye mota hulalamika kisha hufa. Aliyetoka Uingereza ana nafuu kwa kuwa hata plagi zake zinafanana na zetu. Lakini friji iliyotumika miaka sita Leeds ina maajabu gani yasiyopatikana Nakuru?

Sasa niingie kwenye jambo ambalo hasa limewaumiza watu, nalo ni tarehe. Wengi hudhani kwamba hatari ya mzigo iko katikati ya bahari. Kwa maoni yangu hatari kubwa iko gatini. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004 humsamehe ushuru mkazi anayerejea kwa nguo zake na vyombo vya nyumbani alivyokuwa akivitumia huko alikoishi. Humsamehe pia gari moja, mradi awe amelimiliki na kulitumia huko kwa angalau miezi 12, bila kuhesabu muda wa safari ya meli. (Kenya nayo ina masharti yake juu ya umri wa gari, usiozidi miaka minane, na usukani uwe kulia. Anayetoka Marekani na gari lake ajiulize mapema.) Mzigo unaokuja nyuma ya mwenyewe unapaswa kufika katika siku 90 tangu yeye alipowasili, ingawa Kamishna anaweza kuongeza muda hadi siku 360. Msomaji makini ataona kwamba msamaha huu humfuata mtu wala haufuati kontena. Sheria huhesabu tangu siku uliyoshuka wewe.

Mwenzangu mmoja tuliyefundisha naye Fasihi alikwenda Uingereza kwa shahada ya uzamifu. Alipokaribia kumaliza alipakia kontena la futi 20 na kulitanguliza, akitarajia kutetea tasnifu yake mwezi huo na kulikuta njiani. Mtahini wa nje akaahirisha. Meli haikuahirisha. Kontena likafika na kumngojea mtu ambaye bado alikuwa akisahihisha sura ya nne. Wakala wake, ambaye hapa hana haja ya jina, alimwandikia kwamba asiwe na wasiwasi.

Hapo zilianza kutembea saa mbili kwa wakati mmoja. Saa ya kwanza ni ya bandari, inayotoza nafasi ambayo kontena limekalia baada ya siku chache za bure kwisha. Ya pili ni ya kampuni ya meli, inayolitaka sanduku lake lirudi na kutoza kila siku linapocheleweshwa. Nyingi ya tozo hizo huhesabiwa kwa dola. Alipotua hatimaye, akiwa daktari wa falsafa, deni lilikuwa limeipita thamani ya vyote vilivyokuwamo. Alilipa kwa akiba aliyokuwa ameiweka ya kuezekea nyumba. Nilikwenda kumsaidia kushusha. Palikuwa na friji, meza ya kulia, makochi, baiskeli mbili na katoni nne za vitabu. Nilimuuliza vingine viko wapi, kwani nilijua alikuwa mtu wa kununua vitabu. Akaniambia aliwapa duka moja la hisani katika mji alikoishi kwa sababu makochi yalikuwa yamekula nafasi. Mpaka leo anaweza kukutajia majina ya vitabu hivyo kimoja kimoja, na baadhi yake havichapishwi tena.

Yeye alipata cha kulipa. Wasiopata huangukia mikononi mwa sheria hiyo hiyo, ambayo haina hasira wala huruma. Shehena isiyoandikishwa katika siku 21 tangu kuanza kupakuliwa huweza kupelekwa katika ghala la forodha, na ikikaa humo bila kuondolewa hutangazwa na kupigwa mnada. Matangazo hayo huchapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Ukiyasoma utaona matairi, vigae, vipuri, na hapo katikati maneno ya kavu: vyombo vya nyumbani, mali ya kibinafsi. Maisha ya mtu ya miaka saba ugenini, pamoja na picha za watoto na daftari za utafiti, yamekuwa mstari mmoja kati ya matairi na vigae.

Sisemi bahari yenyewe haina visa. Meli Ever Given ilipokwama katika Mfereji wa Suez tarehe 23 Machi 2021 ikiwa na makontena zaidi ya 18,000, dunia ilihesabu siku sita za msongamano. Kisa cha wenye mizigo kilikuwa kirefu zaidi, kwani meli ilizuiliwa Misri hadi Julai, na mwenye meli akaitangaza ile kanuni ya kale kwamba gharama za kuokoa chombo zigawanywe baina ya wote wenye mali ndani yake. Mwenye bima, kampuni yake ya bima ilimdhamini. Asiye na bima alitakiwa kuweka fedha kwanza ndipo apewe mali ambayo haikuwa na hata mkwaruzo. Mwishoni mwa 2023 na katika 2024 mashambulizi katika Bahari ya Shamu yalizifanya meli nyingi za kutoka Ulaya kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Aliyekuwa amepiga hesabu ya siku zake kwa ramani ya zamani alijikuta hana hesabu.

Anayetoka Kenya kwenda ng'ambo naye asidhani kwamba mambo ni mepesi upande wake. Uingereza humsamehe ushuru anayehamia huko kwa mali aliyoimiliki na kuitumia kwa miezi sita, iwapo ameishi nje ya nchi hiyo kwa angalau miezi 12, nayo humtaka aombe msamaha huo. Marekani huangalia kama vyombo vya nyumbani vimetumiwa mwaka mzima. Canada humtaka aliyewasili akabidhi, siku ile ile ya kuingia, orodha ya vitu vitakavyofuata. Australia hukagua kwa ukali chochote cha mti, ngozi au majani. Ngoma, kinu na hata udongo ulioganda kwenye viatu vitaangaliwa. Kreti za mbao za kufungia mzigo sharti ziwe zimepashwa joto hadi nyuzi 56 kwa dakika 30 na kupigwa muhuri wa kuthibitisha hivyo. Mbuzi ya kukunia nazi ningeifunga katika mkoba wangu mwenyewe kuliko kuiacha, lakini kabati la mninga libaki kwa mama.

Nirudi kwa vitabu, maana ndivyo vilivyonifanya nishike kalamu. Mwanafunzi akipewa ufadhili, mfadhili hulipia tiketi ya kwenda na ya kurudi. Mwalimu akipewa likizo ya masomo, mwajiri hutia saini tarehe atakayorejea kazini. Katika karatasi hizo zote hakuna anayeuliza atarejea na nini, ilhali sote twajua kwamba alipelekwa kufuata elimu na kwamba sehemu kubwa ya elimu hiyo imo katika kurasa. Ushuru wa forodha usiwe kisingizio. Kenya ni miongoni mwa nchi zilizoukubali Mkataba wa Florence wa 1950, ulioandaliwa na UNESCO, unaoviondolea vitabu ushuru huo.

Napendekeza kila mwalimu na kila mhadhiri anayetumwa kusoma nje alipiwe, wakati wa kurejea, mita moja ya ujazo katika kontena la kushirikiana, kwa sharti kwamba humo viingie vitabu tu, na kwamba nakala ya orodha yake iwekwe katika maktaba ya taasisi iliyomtuma ili wengine wajue cha kuazima na kwa nani. Najua wahasibu watauliza ushahidi wa matumizi utatoka wapi. Mita moja ya vitabu ina hati yake ya shehena, kila katoni ina namba, na kila kitabu kina jina. Ni rahisi kuikagua kuliko marupurupu ya semina za Naivasha.