Fundi wa stima, mteja na pesa ya waya: nani anunue?

Pita Luthuli Avenue au Nyamakima asubuhi ya Jumamosi utawaona. Mafundi wa stima, mkoba begani, simu sikioni, kila mmoja akiuliza swali lile lile: "Boss, pesa ya waya umetuma?" Na huko Kangemi, Uthiru ama Lavington, mteja ameshika simu anajiuliza lake: nikituma, huyu atafika kweli?

Tuseme kazi ni kufunga instant shower bafuni. Fundi anasema anataka waya ya 6 kutoka kwa breka yake pekee. Wewe umeuliza duka la mtaani, ukaambiwa waya ya 2.5 ni bei rahisi zaidi na "inashika tu". Hapo ndipo shuku inaanza. Unaona fundi anataka kula tofauti.

Lakini hesabu yake si ngumu. Instant ya wati 5,500 kwenye stima ya volti 240 inavuta karibu ampea 23. Waya ya 2.5 ndiyo mafundi hutumia kwa soketi za kawaida. Ukiibebesha mzigo huo kila asubuhi ndani ya ukuta, inapata joto na plastiki yake inachoka polepole. Tena sokoni kuna waya za aluminiamu zilizopakwa shaba juu, ambazo kwa macho huwezi kuzitofautisha na shaba tupu. Kwa hivyo mteja akienda kununua peke yake anaweza kurudi na mzigo usiofaa, na fundi apoteze siku nzima na nauli.

Upande wa pili nao una ukweli wake. Wapo mafundi wanaotaja pesa kidogo ya ufundi ili wapate kazi, kisha wanajilipa kwa kuongeza bei ya vifaa. Sioni sababu ya kuwatetea. Heri useme bei yako ya kazi wazi, hata kama mteja ataguna, kuliko akupigie hesabu na mwenye duka baadaye. Na wewe mteja, ukimkata fundi pesa ya ufundi hadi nusu, usishangae akiitafuta kwenye waya.

Njia ambayo imepunguza huu ugomvi ni kutenganisha pesa hizo mbili. Fundi aende dukani achague, akutumie orodha na picha ya vifaa, halafu wewe ulipe duka moja kwa moja kwa namba yake ya Till. Jina likitokea kwenye simu, lisome kabla ya kukubali. Kama fundi amesema yuko duka la vifaa vya stima na jina linalotokea ni la mtu binafsi, simamisha kwanza, uliza. Risiti ije na vifaa, ikiwa na jina hilo hilo.

Pesa ya ufundi ndiyo inaenda kwa fundi. Mpe ya kuanzia, na iliyobaki ulipe baada ya kujaribu: washeni instant dakika kumi hivi, fundi akague breka na miunganisho. Kabla ya yote hayo muulize kibali chake cha EPRA. Fundi aliye nacho hakasiriki kuulizwa.

Sasa fundi, hii ni yako. Saa kumi na mbili jioni, giza linaingia, unawahi matatu. Mteja anakuonyesha meseji kwenye simu yake: "Si hii hapa, nimetuma." Usiondoke kwa meseji ya simu ya mtu mwingine. Hata ile iliyoingia kwako, angalia imetoka kwa nani. Ya kweli huingia pale pale meseji zako zote za malipo zilipo, haitoki kwa namba ya kawaida ya simu. Kisha uliza salio lako. Ni sekunde chache, na mteja mwaminifu atangoja.

Kuna na ile ya "samahani fundi, nimetuma zaidi, nirudishie elfu mbili". Hata kama pesa imeingia kweli, usiirushe wewe mwenyewe kwa namba unayopewa. Anaweza kuomba kampuni ibatilishe malipo yale yale, ukapoteza mara mbili. Mwambie afuate utaratibu wa kurudisha malipo. Kwa M-Pesa, ni yeye aliyetuma anayepeleka ile meseji ya muamala kwa 456. Wewe iache hiyo pesa ikae.

Ukiweza, pokea malipo ya kazi kwa laini ya biashara kama Pochi la Biashara, mbali na pesa ya nyumbani. Jumatatu mteja akipiga kuuliza ulilipwa ngapi na lini, hutatafuta katikati ya meseji za unga, tokeni na karo.