BleachBit imekufa? Kabla hujamlipa fundi, soma hapa

Swali la leo limetoka kwa dada mmoja mwenye stesheneri. Anasema: "Admin, fundi aliniwekea BleachBit kama miaka minne iliyopita, kila jioni nafuta vitu vya wateja nikifunga. Juzi kijana mwingine kaja, kaniambia hiyo kitu ilishakufa zamani, nitoe hela aniwekee nyingine. Ni kweli?"

Dada yangu, hela yako iache kwenye droo kwanza. BleachBit haijafa. Ila hiyo ya kwako, iliyoko pale mezani, inawezekana kabisa ni mzoga. Haya ni mambo mawili na watu wengi wanayachanganya, kwa hiyo twende polepole.

Kwa asiyeijua: BleachBit ni programu ya bure ya kufuta alama zinazobaki kwenye kompyuta. Kurasa ulizofungua, akaunti ulizoingia, faili za muda, takataka za Windows. Ilianza mwaka 2008 kwenye Linux, baadaye ikaja kwenye Windows. Mwanzilishi wake anaitwa Andrew Ziem, na msimbo wake uko wazi, yaani mtu yeyote mwenye ujuzi anaweza kuufungua akaona inafanya nini. Mwaka 2016 ilipata jina hata kwa watu wasiojua kompyuta, maana ilitajwa kwenye lile sakata la barua pepe za Hillary Clinton kule Marekani.

Maneno ya "imekufa" yana chanzo. Toleo la 4.4.2 lilitoka mwishoni mwa 2021, halafu kimya. Miaka miwili hivi. Toleo la 4.6.0 likaja Novemba 2023, na mwezi Mei 2025 likatoka 5.0.0. Aliyeangalia pale katikati, mwaka 2022 au mwanzoni mwa 2023, hakuwa mjinga kusema mwenye mali kaondoka. Hii haina kampuni kubwa nyuma yake, ni kazi ya mwanzilishi na watu wanaojitolea, kwa hiyo huenda kwa mwendo wa mtu mwenye shughuli nyingine. Pole pole, lakini inaenda.

Sasa fungua hiyo ya kwako. Nenda kwenye menyu, tafuta "About", utaona namba ya toleo. Ukikuta 4.4 au chini ya hapo, basi unapiga deki na dekio lisilo na maji.

Kwa nini umri ni tatizo? Programu ya usafi haina akili ya kuona uchafu. Ina orodha. Ni kama kijana wa usafi uliyemwandikia kwenye karatasi: fagia stoo, fagia kaunta, mwaga ndoo ya nyuma. Ukihamisha stoo bila kubadilisha karatasi, atafagia chumba kitupu, atakuja kukwambia "nimemaliza bosi", na hakudanganyi. Kamaliza karatasi.

Na vyumba vinahama kila siku. Mfano mmoja: kuna faili linalokumbuka kwamba fulani ameingia kwenye akaunti yake, vile vinavyoitwa vidakuzi. Chrome ilikuwa inaliweka moja kwa moja kwenye folda ya mtumiaji. Karibu na mwisho wa 2021 wakalihamishia kwenye folda ya ndani inayoitwa Network. Programu ambayo haijaguswa tangu 2015 haijui habari hiyo. Itakwenda pale pa zamani, itakuta patupu, itakuandikia kazi imekwisha. Huyo mteja wako bado yumo.

WhatsApp ya kwenye kompyuta ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi, maana wateja wanaitumia sana kutuma faili za kuprinti. Ile haikai kwenye vidakuzi peke yake, funguo zake zinahifadhiwa kwenye hifadhi nyingine ya ndani ya brauza. Ukifuta vidakuzi tu, mteja akija kesho yake akafungua ukurasa ule, anaweza kukutana na meseji za mtu mwingine. Zote. Picha, mambo ya nyumbani, mambo ya hela.

Nasema hivi kwa sababu yalinikuta. Nilikuwa na programu fulani ya usafi, ya zamani, nilirithi na kompyuta yenyewe niliponunua mtumba. Kila jioni nabonyeza, inanipa tiki ya kijani, nafunga duka roho kwatu. Siku moja mama mmoja amekuja kuprinti fomu ya mtoto, kafungua barua pepe, akaniita: "Kaka, mbona hii siyo yangu?" Ilikuwa ya mwalimu mmoja wa mtaa uleule, na ile ya juu kabisa ilikuwa na salari slipu yake. Yule mama anamjua. Nilimpigia mwalimu nikamwomba radhi, akanijibu vizuri tu, lakini hajarudi kuprinti kwangu mpaka leo. Na simlaumu.

Kwa hiyo usiamini tiki ya kijani, usimwamini fundi, usiniamini hata mimi. Jaribu mwenyewe. Tengeneza akaunti ya barua pepe ya mchezo. Ingia nayo kwenye kompyuta ya dukani, unganisha na WhatsApp yako pia, shusha faili moja la PDF. Halafu funga brauza kabisa (ikiwa wazi, faili zake zimeshikiliwa na programu haiwezi kuzifuta, hili kosa wengi tunafanya), endesha usafi, fungua tena. Bado umo ndani? Basi hiyo programu kwako imekufa, hata kama imetoka jana. Umetolewa kote? Iko hai. Dakika kumi zinatosha. Rudia kila baada ya miezi michache, kwa sababu brauza inajisasisha yenyewe usiku na hakuna atakayekwambia.

Kwenye jaribio hilo wengi mtashangaa kitu kimoja: ile PDF ipo palepale kwenye folda ya Downloads. Vitambulisho vya NIDA, vyeti, mikataba, vyote vinalala pale mwaka mzima. BleachBit haigusi folda hiyo mpaka uiambie. Ingia kwenye mipangilio yake, sehemu ya "Custom", ongeza folda ya Downloads mwenyewe. Ila kazi zako za oda usiziweke humo tena, zitaondoka na maji. Kabla ya kufuta bonyeza "Preview", ikuonyeshe inataka kuondoa nini. Na kama brauza inakukumbukia maneno yako ya siri, usiweke tiki kwenye "Passwords" halafu ukaja kulia hapa.

Njia nyepesi zaidi kwa mteja wa dakika tano: Chrome na Edge zote zina dirisha la mgeni, "Guest". Akifunga, kurasa na akaunti zinaondoka zenyewe. Downloads hazifutwi, hiyo bado ni kazi yako.

Kuhusu wale wanaouliza "ikifuta, ndiyo imefutika kabisa?" Inategemea diski. BleachBit inaweza kuandika juu ya faili ili lisirudishwe, na kwenye diski za zamani zinazozunguka hiyo inasaidia kweli. Kwenye SSD, diski yenyewe ndiyo inaamua iandike wapi, kwa hiyo data ya zamani inaweza kubaki kwenye kona ambayo programu haifiki. Kwa usafi wa kila jioni usijali. Lakini siku unauza kompyuta, usitegemee BleachBit peke yake.

Sasa huyo kijana na programu yake ya kulipia. Sijui anataka kukuuzia ipi, ila kama ni ya kukreki, mfukuze kwa adabu. Na usidhani kila kinachotoka kipya ni salama. Mwaka 2017 CCleaner, ambayo ni maarufu kuliko hii, iliingiliwa na wahalifu huko huko inakotengenezwa. Toleo la 5.33 la mwezi Agosti lilitoka likiwa na virusi ndani, kutoka kwenye tovuti yao halali, na kampuni yenyewe ilisema watumiaji milioni 2.27 waliguswa. Watu hawa walikuwa wamefanya kila kitu sawa. Tangu hapo mimi nikiona toleo jipya nasubiri wiki mbili tatu, labda iwe ni la kuziba tundu la usalama.

Kwa walioko Tanzania, jueni pia kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na kopi ya kitambulisho cha mteja iliyobaki kwenye mashine yako ni taarifa binafsi. Hiyo tutaiandikia siku yake, ina mambo mengi.

Dada yetu wa stesheneri, fanya hivi: toa hiyo ya zamani, ingia bleachbit.org mwenyewe, siyo tovuti ya kwanza inayokuja ukitafuta, shusha toleo la sasa, halafu fanya lile jaribio la akaunti ya mchezo. Ni bure. Na uangalie Windows yako ni ipi, kwa sababu Microsoft waliacha kuhudumia Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na hapo dekio jipya halitazuia mlango uliobaki wazi.