Kisamaki cha mpira na besi wa Mei

Ifikapo Mei, wavuvi wa mshipi katika jimbo la Massachusetts, Marekani, hupima joto la bahari kabla ya kufunga ndoana. Maji yakifika nyuzi 10 hivi za Selsiasi, besi wa milia yuko njiani.

Samaki huyu wa rangi ya fedha, mwenye milia myeusi ubavuni, huzaliana kwa wingi katika mito ya Ghuba ya Chesapeake, kisha huelekea kaskazini kwa kufuata pwani. Wadogo hutangulia. Njiani huwawinda heringi wanaopanda mito kutaga, na chambo bandia huigiza mawindo hayo.

Mwanzoni mwa msimu hutumika zaidi kisamaki cha mpira laini, cha sentimita 10 hadi 15, kilichovishwa ndoana yenye kichwa cha risasi. Katika maji baridi besi hakimbizi mawindo mbali. Mvuvi hukiacha kizame, akakivuta polepole, akakipumzisha, kisha akavuta tena. Mara nyingi mshipi hushtuka wakati wa mapumziko hayo, kisamaki kikiwa kinashuka.

Mkondo nao una amri yake. Katika Mfereji wa Cape Cod, huko huko Massachusetts, maji huweza kukimbia zaidi ya kilomita 7 kwa saa, na hugeuka kila baada ya saa 6 hivi. Wavuvi hupita kwa baiskeli kandokando, wakitafuta mahali yanapolegea. Risasi ya gramu 20 inayotosha kwenye hori tulivu, hapa huchukuliwa kabla haijagusa chini. Hutakiwa ya gramu 80 au zaidi.

Ustadi huo wote hauna maana samaki akiisha. Jimbo la Maryland, kwenye Ghuba ya Chesapeake, lilipiga marufuku kumvua kuanzia 1985 hadi 1990, akaongezeka. Mwaka 2019 ikabainika tena kwamba amepungua kupita kiasi. Tangu 2023, anayevua baharini kwa burudani huruhusiwa kuchukua samaki 1 tu kwa siku, wa inchi 28 hadi 31. Majike wakubwa, wenye mayai kwa mamilioni, hurudishwa majini.

Chambo bandia husaidia hapo, kwa kuwa samaki hunasa mdomoni zaidi kuliko tumboni. Lakini ndoana ya ncha tatu humjeruhi na huchelewesha kumtoa. Anayevua kwa chambo hiki, awe Cape Cod au Watamu, Kenya, na aweke ndoana ya ncha moja, akibane kijino chake kwa koleo, na asiyemhitaji amrudishe upesi.