Waya Kwanza, Sensa Baadaye: Hitilafu Zinazokuja na Kuondoka kwenye Magari ya Haibridi (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulieleza jinsi kompyuta ya gari la haibridi inavyopokea habari kutoka kwenye sensa zake. Leo tunaingia kwenye tatizo linalowatesa mafundi na kuwamaliza fedha wenye magari. Taa ya hitilafu inawaka njiani, gari linapoteza nguvu, lakini likifika gereji taa imezimika na kila kipimo kiko sawa. Fundi anabahatisha, sensa mpya inanunuliwa, na baada ya siku chache taa inawaka tena.

Hitilafu ikija na kuondoka, shuku kwanza njia ya umeme kabla ya kushuku sensa. Zipo sensa zinazogoma zikipata joto na kurudi zikipoa, lakini kinachougua na kupona mara nyingi zaidi ni maungio: soketi iliyolegea, pini yenye kutu, waya uliokatika ndani ya ganda lake huku ncha zikigusana bado, au erthi iliyofungwa juu ya rangi. Mtikisiko wa barabara mbovu, joto na unyevu ndivyo vinavyoamua siku ya kuonekana kwake.

Chukua sensa ya joto. Nyingi ni vipinga ambavyo ukinzani wake hushuka joto linapopanda. Kompyuta hupeleka volti 5 kupitia kipinga chake cha ndani, kisha husoma volti inayobaki kwenye waya. Waya ukikatika, volti zote 5 hubaki pale pale, na kompyuta huelewa kwamba kuna baridi kali, aghalabu nyuzi 40 chini ya sifuri. Fundi wa Mombasa au Dar es Salaam akiona namba hiyo kwenye mashine ya kusomea hitilafu, ajue saketi imeachia mahali fulani. Achomoe soketi ya sensa na kuunganisha pini mbili za upande wa waya. Namba ikiruka hadi joto kali, waya ni mzima na sensa ndiyo yenye kosa. Isiporuka, sensa imeonewa. Na kama namba inachezacheza, airudishe soketi mahali pake, atikise fungu la nyaya kipande kwa kipande huku mwenzake akiangalia mashine, mpaka wapate pale inapostuka. Kipimo hiki ni cha saketi za volti ndogo peke yake. Nyaya za rangi ya chungwa, zinazobeba umeme mkubwa, haziguswi hivyo.

Mfano mzito zaidi uko kwenye Toyota Prius ya kizazi cha pili, iliyoanza kuuzwa mwaka 2003. Betri yake kubwa ina moduli 28 za volti 7.2 kila moja, jumla volti 201.6, na kompyuta huzipima mbili mbili, yaani mafungu 14. Nyaya nyembamba za kupimia hufungwa kwenye vipande vya shaba vinavyounganisha moduli. Shaba hiyo ikiota kutu ya kijani, kompyuta husoma volti isiyo ya kweli na kutangaza kwamba fungu fulani limechoka. Betri nzima hubadilishwa kwa gharama kubwa, wakati pengine ilitosha kusafisha vipande na kufunga nati kwa nguvu inayotakiwa. Sisemi kila betri inayolaumiwa ni nzima, kwani nyingi zimezeeka kweli. Ninachodai ni kwamba volti ya kila fungu ipimwe kwa testa kwenye moduli zenyewe na kulinganishwa na ile inayoonyeshwa na mashine. Zikitofautiana, kosa liko katikati.

Kazi hiyo ni ya fundi aliyefunzwa. Plagi ya usalama huchomolewa, kisha husubiriwa dakika 10 ili kapasita za inveta zimwage umeme wake, na glavu za mpira za volti 1,000 huvaliwa wakati wote. Umeme huu unaua.

Kuna hitilafu nyingine inayowapoteza wengi: umeme mkubwa kuvuja kwenda kwenye bodi, msimbo P0AA6. Ukijitokeza pale tu kiyoyozi kinapowashwa, mwulize mwenye gari nani alijaza gesi mara ya mwisho. Kompresa ya umeme ya haibridi hutumia oili maalumu isiyopitisha umeme. Oili ya kompresa ya kawaida ya mkanda, hata kiasi kidogo, huharibu kinga hiyo.

Usisahau betri ndogo ya volti 12. Ndiyo inayoamsha kompyuta zote, na ikidhoofika misimbo humiminika isiyohusiana hata kidogo. Ipime kabla ya chochote.

Mafundi, nawasihi msifute misimbo kabla ya kuinakili. Pamoja na msimbo, kompyuta huhifadhi hali ya wakati ule: mwendo, joto, kiasi cha chaji. Kwa hitilafu inayojificha, huo ndio ushahidi pekee mlio nao, na ukifutwa haurudi. Nawe mwenye gari, kabla ya kulipia sensa au betri, omba uonyeshwe vipimo vilivyoandikwa. Juma lijalo tutaangalia sensa za mzunguko wa mota.