Reli imetandikwa, treni iko wapi?

Haneti, kata ya wilaya ya Chamwino kwenye barabara ya Dodoma–Kondoa, haipitiwi na reli. Lakini mtu wa Haneti anayekwenda Dar es Salaam hana budi kushuka Dodoma mjini kwanza, na hapo ndipo kuchelewa kwa reli ya kisasa, SGR, kulipomgusa. Kwa miaka kadhaa treni ya umeme aliisikia redioni tu, huku akikata tiketi ya basi.

Rais John Magufuli aliweka jiwe la msingi la kipande cha Dar es Salaam–Morogoro Aprili 2017. Wakandarasi, Yapi Merkezi ya Uturuki na Mota-Engil ya Ureno, walipewa miezi 30, yaani hadi Novemba 2019. Tarehe ikasogezwa, ikasogezwa tena. Kipande cha Morogoro–Makutupora, kinachopitia Dodoma, ambacho mkataba wake ulitiwa saini Septemba 2017 kwa miezi 36, nacho kikapitiliza. Abiria wa kwanza walifika Morogoro kwa treni hiyo 14 Juni 2024, na Dodoma 25 Julai.

Kuchelewa kuliudhi, lakini asilimia ziliudhi zaidi. Kufikia 2021 wananchi walishaambiwa kipande cha kwanza kimevuka asilimia 90. Mtu akisikia hivyo anaanza kufunga mzigo. Miaka mitatu baadaye mzigo ulikuwa bado umefungwa.

Hesabu hiyo haikuwa uongo. Ilikuwa ikipima kitu kingine. Asilimia zinazotangazwa hueleza kazi ya mkandarasi: tuta, madaraja, mataruma na reli zenyewe, nyaya za juu, na mfumo wa ishara unaozuia treni mbili kukutana kwenye njia moja. Treni ya umeme inahitaji zaidi ya hapo. Inahitaji njia ya umeme mkubwa ya TANESCO, shirika la umeme. Kisha vije vichwa na mabehewa, ambavyo hununuliwa kwa mikataba tofauti. Mabehewa mapya kutoka Korea Kusini yalianza kushushwa bandarini mwishoni mwa 2022, miaka mitatu baada ya tarehe ya awali ya kumaliza reli. Baada ya hapo hufuata majaribio, nayo hayaharakishwi: treni ya kasi ya kilomita 160 kwa saa haipakii watu kabla ya kuthibitishwa kuwa inasimama inapotakiwa.

Serikali ilitaja pia mvua na UVIKO-19. Ni sababu za kweli, ila hazielezi kwa nini mabehewa na reli havikupangwa vifike pamoja.

Somo hili lina kazi leo. Kipande cha Mwanza–Isaka, kilichozinduliwa Juni 2021, nacho kilipewa miezi 36. Muda huo ulipita 2024 kabla ya kukamilika. Wakazi wa Kanda ya Ziwa sasa wanasomewa asilimia zilezile walizosomewa watu wa Dodoma.

Shirika la Reli linaweza kupunguza manung'uniko bila kuongeza senti kwenye mradi: litangaze kila hatua peke yake, tuta, umeme, ishara, mabehewa na majaribio, pamoja na tarehe ya kila moja. Nawe msomaji, ukiambiwa reli imefika asilimia 95, uliza kwanza vichwa vya treni viko wapi.