Choo cha paka na mbwa wa uani: ulipie nini Kimara?

Mbwa hula kinyesi cha paka kwa sababu kwake kina harufu ya chakula. Paka ni mla nyama, na anachokula, iwe dagaa, vichwa vya samaki au chakula cha dukani, kina protini nyingi ambayo haimeng'enywi yote. Mbwa wa ulinzi ambaye riziki yake ya kila siku ni ugali wa dona na mabaki ya mchuzi hawezi kulipita beseni la paka akaliacha. Hata anayelishwa vizuri huendelea akishaonja. Kwa hiyo wenye mbwa na paka katika ua mmoja, kuanzia Kimara Baruti hadi Temboni, wasihangaike kumchapa. Fimbo humfundisha jambo moja tu: asubiri watu walale.

Na usiku ndio wakati wake. Katika nyumba nyingi za huku mbwa hushinda bandani au kwenye mnyororo, kisha geti likishafungwa hufunguliwa alinde. Beseni la paka nalo liko kibaraza cha nyuma, kwa kuwa hakuna anayetaka harufu sebuleni. Mbwa na beseni wanakutana wenye nyumba wakiwa usingizini. Asubuhi mchanga umetapakaa, beseni halina kitu, na mbwa yuleyule anamlamba mtoto mkono.

Hapo kwenye mkono wa mtoto ndipo jambo hili linapozidi kinyaa. Kinyesi cha paka huweza kubeba mayai ya minyoo, na huweza pia kubeba vimelea vya toksoplasma, ambavyo mama mjamzito akiambukizwa kwa mara ya kwanza vinaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Mbwa huvisambaza kwa pua, kwa manyoya na kwa kinyesi chake mwenyewe. Lakini vimelea hivyo vikitoka kwa paka huhitaji siku 1 hadi 5 nje ya mwili wake kabla havijaweza kuambukiza. Maana yake ni kwamba ulinzi ulio bora kuliko wote hauna bei: kinyesi kiondolewe kila siku. Kwa ratiba ya Kimara ningesema kiondolewe mara mbili, asubuhi, na tena usiku kabla mbwa hajafunguliwa. Paka mlishe saa zilezile kila siku, maana wengi huenda chooni muda mfupi baada ya kula, nawe utajua wakati wa kuchota. Koleo dogo na gazeti la zamani vinatosha. Mjamzito asiifanye kazi hii. Ikibidi aifanye, avae glavu na anawe kwa sabuni.

Tatizo ni kwamba hakuna anayeweza kusimama zamu usiku kucha, na paka naye haendi kwa saa ya ukutani. Kizuizi kinahitajika, na hapo ndipo watu wanapotoa fedha pasipo sababu.

Kitu cha kwanza kinachovutia macho ni choo cha plastiki kilichofunikwa, chenye kimlango cha kusukuma, kinachouzwa katika maduka ya vifaa vya wanyama ya Masaki na Mikocheni na kwa wauzaji wa mtandaoni. Ni kizuri kwa nyumba yenye mbwa mdogo wa ndani. Kwa mbwa wa uani mwenye kilo 20 si kizuizi: anaingiza kichwa chote, au anakiangusha kwa miguu ya mbele na kifuniko kinafunguka. Tena kwa joto na unyevu wa Dar es Salaam, mkojo uliofungiwa ndani huchachuka upesi, na paka asiyependa harufu hiyo atahamia kwenye kochi lako. Vyoo hivi ndivyo vya bei ya juu kuliko vyote nitakavyovitaja, na kwa nyumba ya Kimara yenye mbwa wa ulinzi sioni sababu ya kuvinunua.

Wengine hutengeneza cha kwao kwa jaba, lile pipa la plastiki lenye mfuniko ambalo wengi tunalo kwa ajili ya kuhifadhia maji. Tundu la upana wa sentimita 20 hadi 25 linakatwa juu ya mfuniko, paka anaingia kwa kuruka na kutoka kwa kuruka. Chagua jaba pana; ndoo ya lita 20 haitoshi, paka hapati nafasi ya kugeuka. Na upige msasa ukingo wa tundu usimchane. Jaba zuri haliangushwi kirahisi likiwa na mchanga ndani, na pua ya mbwa haifiki chini. Kasoro yake ni kwa paka mzee, paka mwenye mimba na kitoto cha paka: hawa wataliona ni ukuta. Gharama ni ya jaba lenyewe, na kama unalo lililopasuka ambalo halishiki maji tena, ni bure.

Lakini kabla ya kununua chochote, nenda ukaangalie mlango wako wa nyuma. Nyumba nyingi za Dar es Salaam zina mlango wa grili, nondo zilizochomelewa kwa ajili ya wezi. Paka mzima hupita kwenye uwazi wa sentimita 10 hadi 12. Mbwa mkubwa wa kienyeji anakwama kifuani. Umeshalipia kizuizi bila kujua. Hamishia beseni upande wa ndani wa grili, kwenye korido au stoo, na usiku uliache geti la grili limefungwa kama kawaida yako. Kama grili yako ina maua ya chuma yaliyobana, fundi wa kuchomelea anaweza kuondoa kipande kimoja kwa chini, aache uwazi wa paka tu. Pima kwanza kichwa na kifua cha mbwa wako, usimwachie fundi akisie.

Penye wavu wa mbu, simama kwanza. Kuukata ili paka apite ni kuwafungulia mbu mlango, na huku malaria bado ni ugonjwa wetu. Hapo tumia mlango wa mbao wa stoo badala yake. Funga ndoano na kijicho chake kati ya mlango na fremu, mlango ubaki wazi kwa sentimita 10 tu, usiweze kusukumwa zaidi wala kujifunga. Kifaa hicho kiko katika kila duka la vifaa vya ujenzi la kando ya Barabara ya Morogoro, na bei yake haifikii robo kilo ya nyama. Hiki ndicho ninachokipendekeza kwa moyo wote, kwa sababu ni cha bei ndogo, hakimlazimu paka kuruka, na stoo hupitisha hewa kuliko sanduku. Mpangaji anaweza kukitoa akihama, likabaki tundu la skrubu tu. Mahali ambapo hakifai ni penye mtoto wa mbwa au mbwa mwembamba: naye atapita.

Kwa nyumba hizo dawa ni urefu. Rafu ya mbao yenye mabano ya chuma, kimo cha mita 1 na ushee, au ule mnara wa tenki la maji ikiwa una sehemu kavu chini ya tenki lenyewe. Paka mwenye afya huruka kimo hicho bila shida. Weka njia mbili za kushuka, maana paka anayejua kwamba mbwa anamvizia chini hataki tena kwenda chooni. Fundi seremala atakutoza mbao na ufundi, hivyo rafu huzidi ndoano kwa gharama, ingawa bado haikaribii choo cha dukani. Msimu wa masika, rafu ya nje bila paa haina maana.

Gharama inayouma kweli haimo kwenye kizuizi. Imo kwenye kinachojazwa ndani, maana hicho hununuliwa mwezi hadi mwezi. Beseni la sentimita 40 kwa 50, likijazwa kina cha sentimita 5, linachukua lita 10. Udongo wa dukani unaoganda ukilowa una uzito wa karibu kilo 1 kwa lita, hivyo mfuko wa kilo 10 ni jazo moja. Ukichota kila siku, jazo hilo linaweza kumfikisha paka mmoja kama mwezi. Chukua bei ya duka lako uzidishe kwa 12: ikiwa mfuko ni shilingi 40,000, umejiandikia 480,000 kwa mwaka. Na udongo huo una ubaya wa pekee penye mbwa. Unavimba na kuganda ukilowa, na mbwa anayeumeza kwa wingi pamoja na kinyesi anaweza kuzibwa utumbo. Penye kizuizi cha kubahatisha, usiununue kabisa.

Mchanga hauna aibu. Hata Marekani watu waliwawekea paka mchanga na majivu, hadi mwaka 1947 Edward Lowe wa Michigan alipoanza kuuza udongo mkavu kwa kazi hiyo. Mchanga haugandi, kwa hiyo ubadilishe wote kila wiki. Kwa mwezi ni lita 40 hadi 50, ndoo mbili kubwa na kidogo. Ni mzito mno kuubeba hadi rafuni. Ukiuomba kwenye lundo la jirani anayejenga, kumbuka kwamba paka wa mtaa mzima wameshaligeuza lundo hilo kuwa choo chao. Umwagie maji yaliyochemka, uukaushe, ndipo uutumie.

Mimi nachagua maranda ya seremala, yaleyale ya banda la kuku. Ni mepesi, yananyonya mkojo, na mbwa akimeza kidogo hayagandi tumboni. Gunia kubwa humfikisha paka mmoja zaidi ya miezi miwili, kwa bei ambayo katika karakana nyingi ni ndogo tu, na pengine hutakiwi hata kulipa. Muulize fundi kama mbao zilitiwa dawa. Zikiwa zimetiwa, acha. Majivu ya mkaa yaache pia: vumbi lake humkera paka, na yakilowa yanachubua nyayo.

Usitoe fedha kwa pilipili wala siki ya kunyunyizia beseni. Paka hufukua kwa miguu kisha huilamba, hivyo atakayeumia ni yeye. Wala usilioshe kwa dawa ya kuua vijidudu inayogeuka nyeupe ikiingia kwenye maji. Nyingi zina fenoli, ambayo ini la paka haliwezi kuivunja ipasavyo. Jiki juu ya mkojo hutoa hewa mbaya kwa binadamu pia. Maji moto na sabuni ya kawaida, kisha jua.

Fedha utakayookoa ihamishie kwa mbwa. Mwongezee dagaa au utumbo uliochemshwa kwenye ugali wake, na umpe dawa ya minyoo kwa kipimo cha uzito kila miezi mitatu, paka naye apewe ya kwake. Dawa yenye prazikwanteli ndiyo inayoua tegu. Ofisa mifugo wa kata atakuelekeza, na kwa Kimara huyo yuko chini ya Manispaa ya Ubungo, si Kinondoni tena. Akija, amchanje mbwa dhidi ya kichaa siku hiyohiyo, usilipe nauli yake mara mbili. Mbwa akiendelea kuharisha au kukonda baada ya dawa, sampuli ya kinyesi hupimwa katika Wakala ya Maabara ya Veterinari pale Temeke. Piga simu kwanza uulize ada na namna ya kuihifadhi, maana sampuli iliyokaa juani kutwa nzima haitakupa jibu la kuaminika.