Mashine ya kukata nyasi imegoma kuwaka? Angalia kwanza petroli uliyoweka

Kama unaishi Marekani na una mashine ya kukata nyasi, chenso au jenereta, huenda hili limeshakukuta. Uliiweka stoo mwezi Oktoba ikiwa nzima kabisa. Aprili unavuta kamba mpaka bega linauma, haiwaki. Fundi anafungua kabureta, anakuonyesha utando unaonata kama gundi, halafu anakutajia bei.

Kwa mwenye kibustani chake nyuma ya nyumba, hiyo ni kero tu. Kwa Mtanzania, Mkenya au Mkongo aliyejiajiri kwa kukata nyasi za watu, mashine ikilala kwa fundi wiki nzima mwanzoni mwa msimu, wateja wanatafuta mtu mwingine.

Mara nyingi chanzo ni petroli iliyokaa muda mrefu, na ethanoli iliyomo ndani yake inaharakisha uharibifu huo.

Ethanoli imefikaje kwenye petroli?

Ethanoli ni pombe, hiyohiyo iliyomo kwenye bia na gongo. Marekani inatengenezwa zaidi kwa mahindi. Sheria ya mwaka 2005, iliyopanuliwa 2007, inataka nishati inayotokana na mimea ichanganywe kwenye mafuta ya magari. Ndiyo maana karibu petroli yote ya kawaida nchini humo ni E10, yaani ina ethanoli hadi asilimia 10.

Gari halisumbuki. Lina kompyuta inayorekebisha mchanganyiko wa mafuta na hewa, tanki lake limefungwa vizuri, na mafuta yanaisha ndani ya wiki moja au mbili. Mashine ndogo haina kompyuta. Kabureta yake ina vitundu vidogo sana, kifuniko cha tanki kinapitisha hewa, na inaweza kukaa miezi mitano bila kuguswa.

Hapo ndipo ethanoli inapoleta shida, kwa sababu inavuta maji. Galoni moja ya E10, ambayo ni kama lita 3.8, inaweza kubeba takribani vijiko vinne vidogo vya maji kwenye ubaridi wa nyuzi 15 hivi. Yakizidi, ethanoli na maji vinajitenga na petroli na kuzama chini ya tanki, na mpira wa mafuta unanyonya hukohuko chini. Kwa chenso na mashine nyingine za kuchanganya oili ni hatari zaidi, kwa sababu oili inabaki juu na petroli. Injini inavuta maji na pombe bila kilainishi.

Ethanoli pia inachakaza mipira na vifaa vya raba, hasa kwenye mashine za zamani.

E15 usiiguse

Hii ndiyo ya kuogopa kuliko zote. E15 ina ethanoli hadi asilimia 15, na mara nyingi ndiyo ya bei rahisi kwenye sheli. Vituo vingi vinaiita Unleaded 88, jina ambalo halikwambii chochote kuhusu pombe. Inaruhusiwa kwa magari ya mwaka 2001 na kuendelea. Kwenye mashine za nyasi, chenso, boti na pikipiki imepigwa marufuku na sheria ya shirikisho. Pampu yake ina lebo ya rangi ya chungwa na buluu, na onyo limeandikwa pale pale.

Si suala la kuharibu mashine tu. Majaribio ya Wizara ya Nishati ya Marekani yalionyesha kuwa baadhi ya injini ndogo zikitumia mchanganyiko mkali zinapata moto zaidi, na hata zikiwa sailensa mzunguko unapanda. Kwenye baadhi ya mashine klachi ilijishika yenyewe. Kwenye chenso, hiyo maana yake ni mnyororo kuanza kuzunguka wakati hujabonyeza kitu.

E85 ndiyo kabisa, hiyo ni ya magari maalumu.

Sasa uweke ipi?

Petroli isiyo na ethanoli inaitwa E0. Kwenye pampu tafuta maneno Ethanol-Free au Non-Ethanol. Florida utaikuta kama REC-90. Minnesota wanaiita non-oxy. Tovuti ya pure-gas.org ina orodha ya vituo kwa kila jimbo, ingawa kuna sehemu utaendesha mbali sana kuipata.

Usidanganyike na oktani. Wengi wananunua premium ya 93 wakidhani ndiyo safi, kumbe nayo kwa kawaida ina ethanoli ileile asilimia 10. Umelipa zaidi bila faida.

Je, ni lazima ununue E0? Hapana. Watengenezaji kama Honda, Briggs & Stratton na STIHL wanaruhusu hadi E10. Kama unakata nyasi kila siku na kidumu kinaisha ndani ya wiki, E10 mpya inatosha, hela yako iweke mfukoni. Tatizo ni mashine inayokaa. Jenereta ya dharura, chenso ya kusubiri mti uanguke, mashine ya theluji wakati wa kiangazi: hizi ziwekee E0 moja kwa moja. Mashine ya nyasi iwekee E0 kwenye matangi ya mwisho ya msimu, iache iungurume dakika chache ili mafuta hayo yafike kwenye kabureta.

Yale makopo ya mafuta yaliyokwisha changanywa, yanayouzwa maduka ya vifaa, ni mazuri na hayana ethanoli. Ila ukipiga hesabu kwa galoni, bei ni mara kadhaa ya pampu. Yanamfaa mwenye chenso anayoiwasha mara mbili kwa mwaka. Kwa mwenye biashara ni hasara.

Dawa ya kutunza mafuta inasaidia, lakini iwekwe petroli ikiwa mpya. Mafuta yakishajitenga, hakuna chupa itakayoyarudisha. Hata E0 inachacha, kwa hiyo andika tarehe kwenye kidumu.

Una shaka na mafuta uliyonayo? Chukua chupa ya kioo inayoonyesha ndani, weka maji kidogo na uchore mstari yalipofikia. Ongeza petroli, funga, tikisa, subiri dakika chache. Kama maji yanaonekana yamepanda juu ya mstari, kuna ethanoli humo, imekimbilia kwenye maji. Fanyia nje, mbali na moto na sigara.